Moto angani alfajiri: Somo la Sudan kwa majirani zake

Kimondo kilichopasuka juu ya jangwa la Nubia mwaka 2008 kilikuwa kimekwishaonwa na wataalamu muda wa saa 20 kabla ya kufika. Leo, katika nchi ambayo mwanga wa alfajiri waweza kuwa silaha, swali la nani anajua na nani anaambiwa limezidi kuwa zito.

Ilikuwa saa 11:46 alfajiri ya tarehe 7 Oktoba 2008, wakati wa swala ya asubuhi kaskazini mwa Sudan, pale mwanga mkali ulipokata anga juu ya jangwa la Nubia. Wakazi wa Wadi Halfa, mji ulio karibu na mpaka wa Misri, na wa Kituo Namba 6, kituo kidogo katika reli inayolivuka jangwa hilo, waliwaeleza watafiti baadaye kwamba waliona moto uliokwenda kama roketi, kisha ukakatika ghafla. Marubani wa ndege ya abiria ya KLM, iliyokuwa umbali wa kilomita zipatazo 1,400, nao waliuona mmweko wake.

Kwa mashahidi waliokuwa jangwani, tukio hilo lilikuwa fumbo. Kwa kundi dogo la wataalamu wa falaki katika mabara mengine, lilikuwa jambo lililotarajiwa kwa saa na dakika. Pengo hilo kati ya walioona na waliojua ndilo linaloipa alfajiri ile uzito hadi leo, si kwa Sudan pekee, bali kwa kila nchi ya eneo hili ambayo anga yake inazidi kupitiwa na vitu vinavyowaka.

Saa 20 za kujua

Siku moja kabla, darubini iliyopo katika mlima Lemmon, jimbo la Arizona nchini Marekani, ilinasa nukta hafifu iliyokuwa ikisogea kati ya nyota. Darubini hiyo ni ya mradi wa Catalina, ambao kazi yake ni kuisaka miamba inayopita karibu na dunia. Mahesabu ya awali yalionyesha jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika historia ya elimu hiyo: mwamba huo, uliopewa jina la kumbukumbu 2008 TC3, ungeipiga dunia katika muda usiofika siku moja, na mahali palipotajwa ni kaskazini mwa Sudan.

Vituo vya uangalizi vya nchi mbalimbali viligeuza darubini zao kuufuata hadi ulipoingia katika kivuli cha dunia. Haukuwa mkubwa. Upana wake ulikadiriwa kuwa mita nne hivi na uzito wake tani zipatazo 80. Uliingia katika angahewa kwa kasi inayozidi kilomita 12 kwa sekunde na kupasuka ukiwa umebakiza kilomita 37 kuifikia ardhi. Hakuna aliyeripotiwa kudhurika.

Miezi miwili baadaye, Desemba 2008, Peter Jenniskens wa Taasisi ya SETI ya Marekani na Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum waliongoza msafara wa wanafunzi na wafanyakazi wa chuo hicho kwenda jangwani. Walijipanga mistari, wakatembea wakikagua mchanga hatua kwa hatua. Vipande vya kwanza viliokotwa, na misafara iliyofuata ikafikisha idadi yake mamia, vikiwa na uzito wa jumla wa kilo zipatazo 10. Vilipewa jina la Almahata Sitta, yaani Kituo cha Sita kwa Kiarabu. Kwa mara ya kwanza, binadamu alikuwa ameshika mkononi jiwe ambalo aliliona likiwa bado angani, nje ya dunia.

Sifa ya kazi hiyo iliandikwa kwa majina mawili, la darubini ya Arizona na la chuo cha Khartoum. Hata hivyo mgawanyo wa majukumu ulijionyesha wazi. Taarifa ya kwanza ilitoka mbali na ikazunguka mbali. Sudan ilitoa anga, ardhi, mashahidi na miguu ya kutembea jangwani. Wakati huo hapakuwa hata na mtandao wa kimataifa, uliopewa baraka na Umoja wa Mataifa, wa kuzifikishia nchi husika tahadhari ya namna hiyo.

Moto wa aina tatu

Anayeuona moto angani kabla ya jua kuchomoza huwa na sekunde chache tu za kuamua ameona nini. Katika masimulizi ya Waislamu wengi wa eneo hili, pwani ya Waswahili ikiwamo, kimondo ni mshale wa moto unaowafukuza mashetani wanaotega sikio mbinguni. Sayansi ya sasa inayagawa matukio hayo katika makundi makuu matatu, na kila kundi lina matokeo yake kwa serikali na kwa raia.

Kundi la kwanza ni vimondo vyenyewe, yaani mawe au vyuma vya asili. Hivi huonekana zaidi kati ya usiku wa manane na alfajiri, na sababu yake ni nyepesi. Katika saa hizo, upande wa dunia ambao bado una giza ndio unaotazama mbele katika mwendo wake wa kulizunguka jua, mfano wa kioo cha mbele cha basi kinavyopigwa na mvua kuliko kile cha nyuma. Kimondo huenda kwa kasi ya kati ya kilomita 11 na 72 kwa sekunde, na kwa kawaida mwanga wake humalizika baada ya sekunde chache.

Eneo hili linavifahamu kwa karibu. Tanzania ina kimondo cha Mbozi katika mkoa wa Songwe, chuma kinachokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16. Nchini Uganda, tarehe 14 Agosti 1992, mvua ya mawe kutoka angani iliuangukia mji wa Mbale mchana. Kipande kidogo kilichokuwa kimepunguzwa nguvu na majani ya mgomba kilimpiga kijana mmoja kichwani bila kumjeruhi.

Kundi la pili ni masalia ya vyombo vilivyorushwa na binadamu, kama vile vipande vya roketi na setilaiti zilizomaliza kazi. Hivi huingia katika angahewa kwa kasi isiyozidi kilomita 8 hivi kwa sekunde, na mara nyingi kwa mwelekeo ulio karibu na mlalo. Ndiyo maana huonekana vikikatika taratibu na kuacha msururu wa cheche, wakati mwingine kwa dakika nzima au zaidi. Kenya ililijua hilo tarehe 30 Desemba 2024, pale pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilipoanguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kuwa uchunguzi wa awali ulionyesha ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi, kifaa ambacho kwa kawaida hutarajiwa kuteketea hewani au kuangukia baharini.

Kundi la tatu ndilo linaloogopesha zaidi, nalo ni silaha. Kombora linalowashwa alfajiri na kupanda juu ya kivuli cha dunia hupigwa na miale ya jua ambalo watu wa chini hawajaliona bado, na moshi wake hung'aa kama pazia angani. Nazo ndege zisizo na rubani zinapolipua shabaha zake huacha mwanga ambao, kwa mtu aliye kilomita nyingi kutoka hapo, hautofautiani sana na kitu kilichoanguka kutoka juu.

Pale anga inapokuwa uwanja wa vita

Hapo ndipo kisa cha mwaka 2008 kinapokutana na Sudan ya sasa. Tangu tarehe 15 Aprili 2023, jeshi la nchi hiyo na wanamgambo wa RSF wamo katika vita vilivyowang'oa mamilioni ya watu makwao, baadhi yao wakikimbilia Chad, Sudan Kusini, Misri, Ethiopia na Uganda. Mei 2025, mji wa Port Sudan, uliokuwa kimbilio la serikali na la mashirika ya misaada, ulianza kushambuliwa kwa ndege zisizo na rubani. Wakazi waliokuwa wameukimbia mtutu wa bunduki ardhini walijikuta wakilazimika kuitazama mbingu.

Katika hali kama hiyo, kimondo cha mita nne kinachopasuka alfajiri hakiwezi tena kuwa habari ya kisayansi pekee. Nguvu ya mpasuko wa mwaka 2008 ilikadiriwa kufikia takriban tani 1,000 za baruti kali aina ya TNT. Kikosi chenye wasiwasi, kisicho na chombo cha kukieleza ulichokuwa mwanga huo, kinaweza kumjibu adui ambaye hakurusha kitu.

Hofu hiyo si ya kubuni. Tarehe 6 Juni 2002, kimondo kilipasuka juu ya mashariki mwa bahari ya Mediterania, katika kipindi ambacho majeshi ya India na Pakistan yalikuwa yamekabiliana mpakani. Simon Worden, aliyekuwa jenerali katika jeshi la anga la Marekani, aliwatahadharisha wabunge wa nchi yake baadaye kwamba, lau mpasuko huo ungetokea saa chache kabla juu ya nchi hizo mbili, ungeweza kudhaniwa kuwa ni shambulio na kuwasha vita vya nyuklia. Marekani ilikuwa na setilaiti za kutofautisha kimondo na bomu. Pande mbili zilizokuwa zikikabiliana hazikuwa na uwezo wa kiwango hicho.

Hoja yake inazihusu nchi zenye migogoro katika Upembe wa Afrika na Maziwa Makuu. Chombo kinachoweza kusema ndani ya dakika chache kwamba mwanga ulioonekana ni jiwe, wala si kombora, ni chombo cha usalama sawa na rada ya uwanja wa ndege.

Nani huambiwa

Mabadiliko yamekuwapo tangu mwaka 2008, ingawa yaliharakishwa na tukio lililowapata watu wengine. Tarehe 15 Februari 2013, kimondo chenye upana wa mita 20 hivi kilipasuka juu ya mji wa Chelyabinsk nchini Urusi. Kilikuja kutoka upande wa jua, na hakuna darubini iliyokiona kabla. Watu wapatao 1,500 walihitaji matibabu, wengi wao wakiwa wamekatwa na vioo. Waliuona mwanga, wakaenda dirishani kutazama, na zaidi ya dakika moja baadaye wimbi la mpasuko likawafikia na kuvunja madirisha.

Baada ya tukio hilo, kwa mapendekezo yaliyoungwa mkono na Umoja wa Mataifa, uliundwa Mtandao wa Kimataifa wa Tahadhari kuhusu vimondo na miamba inayokaribia dunia, pamoja na kundi la kushauriana juu ya namna ya kuizuia. Afrika nayo imeongeza macho yake. Sutherland, nchini Afrika Kusini, ipo moja ya darubini za mradi wa ATLAS ambao kazi yake ni kutoa tahadhari ya mwisho kabla ya kitu kuipiga dunia. Juni 2018, mwamba mwingine mdogo uliogunduliwa na mradi uleule wa Catalina ulianguka Botswana baada ya kujulikana kwa muda wa saa nane hivi tu, na wataalamu wa Botswana walikuwa sehemu ya msafara ulioyapata mawe yake katika mbuga ya Kalahari. Aprili 2025, Shirika la Anga za Juu la Afrika lilizinduliwa rasmi mjini Cairo.

Hata hivyo, miamba midogo iliyowahi kuonwa kabla ya kuipiga dunia haijafika hata ishirini. Kati ya Sutherland na Mediterania limebaki eneo kubwa ambalo simu ya raia aliyeamka mapema ndiyo kamera pekee ya anga. Picha husambaa mitandaoni kabla ya maelezo, na pengo hujazwa na uvumi. Hata katika kisa cha Makueni, ambako shirika la taifa lilijitokeza ndani ya siku mbili, zilisambaa habari kwamba Kenya imekwishadai fidia kutoka India, habari ambazo shirika hilo lililazimika kuzikanusha.

Fidia yenyewe ina sheria. Mkataba wa mwaka 1972 kuhusu dhima ya madhara ya vyombo vya anga za juu unaibebesha nchi iliyorusha chombo wajibu kamili wa madhara yanayotokea ardhini, bila mdai kulazimika kuthibitisha uzembe. Mfano unaotajwa zaidi ni wa Kanada. Alfajiri ya tarehe 24 Januari 1978, setilaiti ya Kisovieti Kosmos 954, iliyobeba mtambo wa nyuklia, iliwaka juu ya kaskazini mwa nchi hiyo na kutawanya mabaki yenye mionzi. Kanada ilidai zaidi ya dola milioni 6 za nchi hiyo, na mwaka 1981 Moscow ikakubali kulipa milioni 3.

Lakini Kanada iliweza kudai kwa sababu ilijua nini kilianguka, lini na kwa njia ipi. Nchi isiyo na kumbukumbu za anga yake huingia katika mazungumzo kama hayo ikiwa mikono mitupu. Itategemea data za mataifa mengine, na huenda miongoni mwao likawamo lile lile linalodaiwa.

Jiwe ni la nani

Kuna pia suala la mali. Novemba 2023, jiwe lililotoka sayari ya Mirihi, lenye uzito wa zaidi ya kilo 24, liliokotwa katika jangwa la Niger. Julai 2025 liliuzwa kwa mnada mjini New York kwa zaidi ya dola milioni 5 za Marekani, bei kubwa kuliko ya kimondo chochote kilichowahi kunadiwa. Serikali ya Niger ilitangaza kuanza uchunguzi wa namna jiwe hilo lilivyoondoka nchini.

Afrika Kusini ilijibu swali hilo mapema. Sheria yake ya urithi wa taifa ya mwaka 1999 inatamka kuwa vimondo ni mali ya dola. Katika nchi zisizo na kauli ya wazi kama hiyo, anayewahi mahali pa tukio akiwa na fedha taslimu ndiye anayeondoka na jiwe, na pamoja nalo huondoka nafasi ya wanafunzi wa nchi husika kulichunguza.

Almahata Sitta ilionyesha kuwa njia nyingine inawezekana, kwa kuwa chuo cha taifa kilikuwapo na kilikuwa tayari. Leo Chuo Kikuu cha Khartoum kipo katikati ya mji uliopiganiwa mtaa kwa mtaa, na Makumbusho ya Taifa ya Sudan, yaliyo katika mji huohuo, yameporwa. Vita haviui watu peke yao. Huua pia uwezo wa nchi kuelewa kinachoipata.

Kipimo kinachokuja

Yanayohitajika si ya gharama kubwa ukilinganisha na faida yake. La kwanza ni kamera za kutazama anga yote usiku, zinazoweza kuwekwa juu ya paa za vyuo vikuu na vituo vya hali ya hewa katika nchi kadhaa jirani. Kamera mbili zilizo mbali zikinasa moto mmoja hutosha kukokotoa njia yake na eneo la kutafuta mabaki. La pili ni ofisi moja katika kila nchi, inayojulikana kwa umma, yenye jukumu la kupokea tahadhari ya kimataifa na kuitafsiri kwa lugha ya wananchi kupitia redio na simu.

La tatu ni elimu ndogo kwa raia, ambayo Chelyabinsk iliilipia kwa damu: anayeona mwanga mkali angani asikimbilie dirishani, bali akae mbali na vioo kwa dakika chache. Asishike chuma kilichoanguka kabla hakijapimwa, kwani masalia ya roketi huweza kuwa na kemikali za sumu. Akiweza, akumbuke saa, upande ulikotoka moto na ulikoelekea, na kama alisikia sauti. Ushahidi wa namna hiyo ndio uliowasaidia watafiti katika jangwa la Nubia.

Tarehe ya mtihani imekwishapangwa. Tarehe 13 Aprili 2029, mwamba uitwao Apophis, wenye upana wa zaidi ya mita 300, utapita kilomita zipatazo 32,000 tu kutoka uso wa dunia, karibu zaidi kuliko baadhi ya setilaiti za mawasiliano. Hautaigonga dunia. Hilo limethibitishwa kwa vipimo vya rada. Utaonekana kwa macho matupu kutoka maeneo mengi ya Afrika na Ulaya, na Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka huo kuwa mwaka wa kimataifa wa kuelimisha umma kuhusu miamba ya angani.

Mamilioni ya watu kutoka Khartoum hadi Dar es Salaam wataweza kutoka nje usiku huo na kuangalia juu. Kitakachopimwa ni kama watakuwa wameelezwa na taasisi zao wenyewe, kwa wakati na kwa lugha wanayoielewa, kwamba nukta inayosogea kati ya nyota inapita tu na haina madhara kwao. Sudan ilikosa tahadhari hiyo mwaka 2008, ikabahatika kwa kuwa mwamba ulikuwa mdogo na jangwa lilikuwa pana. Majirani zake hawana sababu ya kuendelea kutegemea bahati.